UZI: Kusoma ughaibuni ukiwa mwanafunzi mweusi, na kazi ya kutambua kipi kimetokana na rangi yako na kipi hakikutokana nayo

Mleta mada

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Kila majibu ya ufadhili yanapoanza kutoka, humu hujaa nyuzi za viza, tiketi, tafsiri za vyeti na akaunti ya zuio, yaani akaunti ya benki ya fedha za kujikimu unazoruhusiwa kuzitoa kidogo kidogo kila mwezi, ambayo kwa mwanafunzi anayekwenda Ujerumani imekuwa ikidai euro 11,904 kwa mwaka tangu 2024. Hayo yameelezwa vizuri na waliotangulia, nami sitayarudia. Ninataka kuandika juu ya jambo ambalo sikulikuta limeelezwa kwa Kiswahili nilipokuwa nikijiandaa kwenda Ujerumani kusoma shahada ya uzamili ya uhandisi wa maji, nalo limenibadilisha kuliko shahada yenyewe. Ni namna mwanafunzi mweusi anavyojifunza kupima yale anayotendewa, ili asiamini kwamba kila pigo linatokana na rangi yake, na wala asijidanganye kwamba hakuna hata moja linalotokana nayo.

Wengi wetu tunapoaga nyumbani tunaonywa kuhusu matusi. Tusi la waziwazi ni chungu, tena lipo, lakini haliichoshi akili kwa muda mrefu, kwa sababu ukishatukanwa unajua umetukanwa. Kinachochosha ni yale yasiyojitaja. Mhadhiri anamjibu mwenzako kwa kirefu, nawe unajibiwa kwa maneno mawili. Kikundi cha kazi ya pamoja kinagawana majukumu, huyu anachukua hesabu, yule anachukua modeli ya kompyuta, nawe unaachiwa kupanga kurasa na kuhakiki majedwali. Keshia anaiinua noti yako kwenye mwanga na kuigeuza pande zote, ilhali ya aliyekutangulia aliitia drooni bila kuitazama. Basi limejaa, watu wamesimama, na kiti cha pembeni yako kiko wazi. Je, ni rangi? Au ndiyo tabia ya Wajerumani, ambao hata wao kwa wao hawapambi maneno? Au ni bahati tu ya siku hiyo? Hakuna anayekujibu, na mwanafunzi anayeshinda na maswali hayo hubakiwa na nguvu kidogo sana ya kusomea.

Nyumbani hatukufundishwa kujiuliza hivyo. Mimi nimekulia Iringa na nikasoma Mlimani. Nimewahi kudharauliwa kwa hali ya nyumbani kwetu na kwa lafudhi yangu, lakini waliosahihisha mitihani yangu tangu darasa la kwanza walikuwa watu weusi kama mimi, kwa hiyo niliposhindwa nilijua nimeshindwa, na niliposhinda nilijua nimeshinda. Ule ulikuwa utajiri ambao sikutambua kwamba ninao. Mtu mweusi aliyezaliwa na kukulia Ulaya hakuupata tangu utotoni, na ndiyo maana niliwakuta Wajerumani weusi wakiwa na ustadi katika jambo hili kuliko sisi tuliotoka Afrika. Wana hata historia ya kuujenga ustadi huo pamoja: mwaka 1984 mshairi mweusi wa Marekani, Audre Lorde, alifundisha katika Chuo Kikuu Huru cha Berlin, na kwa msukumo wake wanawake weusi wa Kijerumani, May Ayim akiwa miongoni mwao, walikusanya habari za maisha yao, zikachapishwa kitabuni mwaka 1986. Wengi wetu tunaotoka huku tunawapita watu hawa kwa kudhani kwamba wao ni Wazungu wenye ngozi nyeusi na hawana la kutufundisha. Hilo ni kosa kubwa.

Suala hili limechunguzwa pia na wataalamu wa saikolojia. Mwaka 1991 Jennifer Crocker na wenzake nchini Marekani walichapisha utafiti ambao nauona kuwa na thamani kwa kila anayefunga safari. Wanafunzi weusi na Wazungu waliandika maelezo yao, kisha wakaambiwa kwamba mwanafunzi mwingine, Mzungu, aliyeketi upande wa pili wa kioo, angeyasoma na kusema kama angependa kuwa rafiki yao. Wengine waliambiwa kwamba pazia liko wazi na yule mtu anawaona, wengine kwamba limefungwa. Wanafunzi weusi walioamini kwamba wanaonekana hawakuumizwa sana na majibu mabaya, kwa kuwa walikuwa na maelezo ya kujikinga nayo, yaani ubaguzi. Lakini walipopewa majibu mazuri, kujithamini kwao kulishuka badala ya kupanda. Hawakuweza kujua kama wamependwa kwa haki yao au mtu alikuwa akijikosha asionekane mbaguzi.

Ndivyo ilivyo. Sifa za ugenini zilinilemea kuliko lawama. Unasifiwa Kiingereza chako, ilhali umefundishwa kwa lugha hiyo tangu kidato cha kwanza. Unawasilisha kazi ya kawaida, ambayo wewe mwenyewe unajua kwamba sura yake ya tatu imelegea, na wenzako wanagonga meza kwa vifundo vya vidole, kama ilivyo desturi ya vyuo vya Kijerumani badala ya kupiga makofi. Mwalimu anasema vizuri sana, asante, anayefuata. Anayefuata ni kijana wa Kijerumani mwenye kazi iliyo sawa na yako. Yeye anasimamishwa pale mbele, anaulizwa kwa nini amechagua kigezo hiki cha msuguano wa bomba na si kile, data zake za mvua zimetoka kituo gani, mbona mchoro wa nne haulingani na jedwali. Anatoka jasho. Darasa zima litadhani kwamba wewe ndiye uliyetendewa wema, kumbe aliyefundishwa siku hiyo ni yule aliyebanwa. Kuachwa bila kuulizwa ni njia ya upole ya kuambiwa kwamba hutarajiwi kufika mbali, na nasikitika kwamba wengi wetu tunarudi nyumbani na vyeti vyetu bila kujua kwamba tuliachwa hivyo.

Aliyenipa njia ya kutoka hapo alikuwa mwanafunzi mwenzangu, Mjerumani mweusi, ambaye siku moja tukiwa kwenye foleni ya mgahawa wa chuo aliniambia nisihangaike kutafuta kama mtu fulani ni mbaguzi. Alisema moyo wa mtu siwezi kuufungua. Ninachoweza ni kuuliza kigezo kilichotumika, kwa sauti ya kawaida, kisha nikanyamaza na kusikiliza jibu.

Ushauri huo unaonekana mwepesi, lakini kwa mtu aliyelelewa kama nilivyolelewa mimi ni mgumu kuutekeleza. Sisi tumefunzwa kwamba kumuuliza mwalimu sababu ya alama ni utovu wa adabu, na wengine tuliona wenzetu wakilipia maswali ya namna hiyo hadi mwisho wa muhula. Vyuo vya Ujerumani vina utaratibu unaoruhusu jambo hilo: matokeo yakishatoka hutangazwa siku ya kukagua karatasi zilizosahihishwa, na kila mwanafunzi ana haki ya kuiona yake. Kule alama ya juu kabisa ni 1.0 na ya chini ya kufaulia ni 4.0. Mimi nilikuwa nimepata 3.7 katika somo nililolitegemea, na sikujua niamini nini. Nilikwenda. Meza zilikuwa zimetenganishwa kama za mtihani, simu zimefungiwa kwenye mabegi, kalamu haziruhusiwi. Nilionyesha kitambulisho nikapewa karatasi yangu, na mbele ameketi msaidizi wa mhadhiri na mwongozo wa usahihishaji, unaoonyesha kila hatua ina pointi ngapi. Niliuliza: katika swali la tatu, pointi hizi zimekatwa kwa kigezo kipi? Akageuza kurasa, akanionyesha mstari uliotaka masharti ya kanuni yaandikwe kabla ya kuitumia. Kijana wa Kijerumani aliyeketi mbele yangu alikuwa na swali lilelile, na pointi zake zilikuwa zimekatwa mahali palepale.

Alama yangu haikubadilika. Lakini mhadhiri yule, ambaye kwa wiki kadhaa nilikuwa nikimkwepa kwenye korido, akawa tena mwalimu wangu, na muhula uliofuata nilimwendea ofisini bila hofu kumwomba asimamie tasnifu yangu.

Swali hilohilo hufichua pia upande wa pili. Nilipokuwa natafuta chumba, mwenye nyumba mmoja aliniona mlangoni akasema kimeshachukuliwa. Jioni ile rafiki yangu mwenye jina la Kijerumani akampigia, akaambiwa kipo na anaweza kuja kukitazama. Rafiki akamuuliza kwa upole kigezo cha kumkataa aliyetangulia, na simu ikakatwa. Hapo hapakuwa na fumbo tena, na sikulala nikijiuliza kama shati langu lilikuwa limekunjamana.

Wapo waliolifikisha swali hili mahakamani. Mwishoni mwa mwaka 2010 mwanafunzi mmoja mweusi, raia wa Ujerumani, alidaiwa kitambulisho na polisi wa shirikisho ndani ya treni, akakataa. Shauri lilipofika mahakamani, askari aliyehusika alipoulizwa alivyochagua watu wa kukagua, alieleza kwamba alimwendea kwa sababu ya rangi yake. Mwezi Oktoba 2012 mahakama ya rufaa ya utawala ya jimbo la Rheinland-Pfalz, huko Koblenz, iliona kwamba kumkagua mtu kwa sababu ya rangi ya ngozi ni kuvunja kifungu cha 3 cha Katiba ya Ujerumani, na polisi waliomba radhi. Kijana yule aliuliza kigezo, akajibiwa.

Sisi Waswahili tuna mtangulizi ambaye kila anayekwenda kusoma Ujerumani angepaswa kumjua. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo alifika Berlin mwaka 1900 kufundisha Kiswahili katika Seminari ya Lugha za Mashariki, na maandiko yake ndiyo sehemu kubwa ya Desturi za Wasuaheli, kitabu kilichochapishwa na Carl Velten mwaka 1903. Mwanachuoni yule alilalamikia dharau ya baadhi ya wanafunzi wake, vijana waliokuwa wakiandaliwa kwenda kututawala, ambao hawakutaka kumpa heshima ya mwalimu. Mwaka 1904 alimwoa mwanamke wa Kijerumani, na mwaka uliofuata walipojaribu kurudi Afrika Mashariki pamoja, serikali ya koloni haikuwaruhusu kuishi huko kama mume na mke. Alirejea Ujerumani na kufariki Berlin mwaka 1927. Ninapomsoma huniingia huzuni, lakini pia naona mtu ambaye hakukubali kuambiwa kwamba anayotendewa yametokana na upungufu wake. Alijua elimu yake ni ya kiwango gani.

Nimerudi nyumbani sasa na ninafanya kazi. Vijana wanaoleta michoro kwangu ninawaandikia sababu ya kila ninachokikata, na ninawabana zaidi wale ninaowaona wana uwezo, nikiwaambia wazi kwamba ndiyo sababu ya kuwabana. Tena nimeanza kuona tuliyozoea kutoyaona. Mtanzania mwenye asili ya Kihindi, aliyezaliwa Upanga, Dar es Salaam, kama baba yake alivyozaliwa Upanga, bado anaulizwa na sisi ametoka wapi, na akijibu Upanga tunacheka. Zamani swali hilo nililiona ni mazungumzo tu.

Karibuni tujadili.

Mchangiaji

Mleta mada, nimekusoma hadi mwisho. Mimi nilisomea uhandisi wa mitambo Umoja wa Kisovieti, miaka ya 1970. Tulianza na mwaka mzima wa kujifunza Kirusi kabla ya kuingia masomoni, tukiwa pamoja na vijana wa Vietnam, Kuba na nchi nyingi za Afrika. Kubaguliwa tulibaguliwa, hasa mitaani, na kulikuwa na sehemu ambazo hatukwenda usiku. Ila nikufikirishe jambo moja. Mitihani yetu mingi ilikuwa ya mdomo. Unaokota tiketi mezani, unakuta maswali, unapewa muda wa kujiandaa, kisha unamjibu profesa ana kwa ana huku wenzako wakisubiri zamu zao mlemle chumbani. Alama inaandikwa kwenye kijitabu chako ukiwa umesimama pale. Kila mtu alisikia ulichojibu. Kwa hiyo fumbo hilo unalolieleza hatukuwa nalo sana darasani.

Pia ninaona vijana wa leo mnayatazama mno haya mambo. Sisi tulitumwa na nchi. Tulijiambia tumefuata elimu, tuichukue, turudi, na anayetudharau abaki na dharau yake.

Mleta mada

Shikamoo mzee wangu. Nashukuru sana kwa ushuhuda huu, na hilo la mtihani wa mdomo limenipa nuru, kwa sababu linaonyesha kwamba fumbo hupungua pale tathmini inapofanyika mbele ya watu. Mtihani ulioandikwa husahihishwa nyuma ya mlango, na mlango huo ndio tunaouomba ufunguliwe.

Kuhusu kuyatazama mno, naomba kutofautiana nawe kwa heshima. Ninyi mlikwenda kwa makundi, mkiwa na nchi changa nyuma yenu na umoja wa wanafunzi wenye makao na viongozi. Kijana wa leo mara nyingi anakwenda peke yake, kwa ufadhili wa mtu mmoja au kwa ardhi ya familia iliyouzwa, na akirudi bila shahada hatapokelewa na serikali bali na wajomba waliouza shamba. Mtu wa namna hiyo akikaa kimya, kimya hicho huingia ndani. Na si dhana tu. Shirika la Haki za Msingi la Umoja wa Ulaya lilitoa ripoti mwaka 2023 kuhusu watu wenye asili ya Afrika katika nchi 13: wastani wa asilimia 45 walisema wamebaguliwa kwa sababu za rangi au asili katika miaka 5 iliyotangulia, na Ujerumani na Austria zilipita asilimia 70. Kwa takwimu hizo, kumwambia kijana asitazame ni kumwacha bila silaha.

Hata hivyo neno lako la kwamba tumefuata elimu nalishika. Kuuliza kigezo ndiyo njia yangu ya kuifuata, kwa maana jibu likishapatikana, liwe zuri au baya, akili inarudi kwenye vitabu.

Mchangiaji

Kaka, mimi natarajia kuanza Leipzig mwezi wa kumi, Mungu akipenda. Nina hofu mbili. Kwanza, nikiuliza sababu za kila kitu si wataniona msumbufu, hasa nikiwa msichana mweusi peke yangu darasani? Pili, nimeshauriwa nisikae na Watanzania ili nijifunze Kijerumani haraka. Unasemaje?

Mleta mada

Hongera sana, mdogo wangu. Usiulize sababu za kila kitu. Kiti cha basi na uso wa keshia viache vipite, kwa kuwa hata ukijua ukweli wake hautakuongezea chochote. Uliza pale ambapo jibu linagusa masomo yako, fedha zako au makazi yako. Njia inayopunguza sana hatari ya kuonekana msumbufu ni kuuliza mapema, kabla ya kazi kusahihishwa: mwombe mhadhiri akueleze vigezo vya kutathmini tasnifu wakati bado hujaiandika. Wajerumani wengi huliona swali hilo kuwa dalili ya umakini. Kwenye kazi za vikundi usisubiri kugawiwa. Kikao cha kwanza sema unachukua sehemu gani, na useme kabla ya wengine.

Wiki ya kwanza tafuta kanuni za mitihani za programu yako, uzisome mwenyewe hata kama kwa kamusi, ujue siku za kukata rufaa na utaratibu wa kukagua karatasi. Jambo zito likitokea, andika siku ileile: tarehe, mahali, maneno yaliyosemwa, nani alikuwepo. Wawakilishi wa wanafunzi wa idara yako wanaweza kukusindikiza ofisini, na serikali ya shirikisho ina ofisi ya kupinga ubaguzi tangu mwaka 2006, inayotoa ushauri bure.

Kuhusu Watanzania, aliyekushauri alikutakia mema, lakini usimfuate moja kwa moja. Utahitaji watu ambao mbele yao hulazimiki kujieleza, hata kama ni Jumapili moja moja, mkapika ugali na mkazungumza kwa sauti mnayoitaka. Kijerumani utakipata darasani, kazini na kwa wanaoishi nawe bwenini. Watafute vilevile Wajerumani weusi, maana wao watakueleza mji kwa namna ambayo wewe na mimi tungechukua miaka kuijua.

Niandikie ujumbe wa faragha nikutumie barua fupi ya Kijerumani niliyokuwa nikiitumia kuomba ufafanuzi wa alama. Ibadilishe kulingana na somo lako, na umpe msemaji wa Kijerumani aipitie kabla ya kuituma.